Masafa ya Kuwahi Maziko

Ukimuuliza mtu wa hesabu masafa yaliyopo baina ya Karachi na Mumbai, atatandaza ramani, atavuta uzi kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki, juu ya ghuba ya Kutch na ardhi ya Kathiawar, kisha atakujibu bila ya kusita: kilomita zipatazo 875, kiwanja cha ndege hadi kiwanja cha ndege. Ndege ya abiria huweza kuyamaliza masafa hayo kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Kwa msomaji wa mwambao wa Afrika Mashariki, ni kama kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Abiria huletewa chai, na kabla hajaimaliza vizuri huambiwa afunge mkanda, ndege inateremka.

Jibu hilo ni sahihi, wala halimfai mtu. Ndege hiyo haipo. Miji miwili ya bandari, kila mmoja una watu zaidi ya milioni 10, kila mmoja ni mlango wa biashara wa nchi yake, imekaa katika pwani ya bahari moja, na hakuna ndege ya ratiba hata moja itokayo huu kwenda ule.

Hivyo swali ambalo lingepaswa kuwa jepesi linageuka kuwa zito. Masafa hupimwa kwa namna nyingi. Yuko apimaye kwa maili na yuko apimaye kwa saa. Manahodha wa zamani walipima kwa pepo, wakasema mji fulani ni wa kaskazi moja, na kurejea ni kwa kusi. Lakini kiko kipimo kingine ambacho watu wa pwani hukitumia kila siku bila ya kukiita kipimo, nacho ni maziko. Akifariki mtu Pemba, jamaa zake wa Unguja swali lao la kwanza, hata kabla ya kuuliza maradhi, ni hili: tutawahi? Pale ambapo mtu aweza kufika akatia udongo ni karibu. Pale asipoweza kufika ni mbali, ramani na iseme itakavyo. Kwa kipimo hicho Karachi na Mumbai, ambazo zamani zilikuwa jirani, zimekuwa zikisogea mbali moja na nyingine kwa zaidi ya miaka 70, na hakuna hata shubiri moja ya ardhi iliyohama.

Ndege za posta nazo zimepata kupita katika njia hii hii. Tarehe 15 Oktoba 1932, kijana wa miaka 28, J.R.D. Tata, aliondoka uwanja wa Drigh Road mjini Karachi, peke yake ndani ya ndege ndogo ya injini moja aina ya Puss Moth, amepakia mifuko ya barua zilizokuwa zimefika hapo kutoka London. Redio hakuwa nayo. Njia aliifuata kwa macho. Alitua Ahmedabad kutia mafuta, na petroli yenyewe ikaletwa kiwanjani kwa gari la ng'ombe. Baada ya adhuhuri akatua Juhu, kando ya bahari ya Bombay, maana hilo ndilo lililokuwa jina rasmi la Mumbai mpaka mwaka 1995. Uwanja wa Juhu ulikuwa wa udongo mtupu. Mvua za kusi zilipofika ulijaa maji, na kazi nzima ikahamishiwa Poona mpaka msimu upite. Watu wa visiwani hawahitaji kuelezwa zaidi: chombo kilikuwa kipya, lakini kalenda ilikuwa ileile ya majahazi.

Mwaka 1982, akiwa na miaka 78, Tata aliirudia safari hiyo kwa ndege ndogo ya zamani, kuadhimisha miaka 50. Aliondoka Karachi akafika Bombay salama. Inafaa msomaji alizingatie jambo hilo, kwani kufikia mwaka huo India na Pakistan zilikuwa zimekwisha kupigana vita mara tatu. Njia ilikuwa bado ikipitika.

Wala siku ile ya 1932 rubani hakuvuka mpaka wowote. Karachi ni mji wa Sindh, na Sindh ilikuwa sehemu ya jimbo la Bombay. Haikutengwa ikawa jimbo lake mbali mpaka tarehe 1 Aprili 1936. Mkubwa wa serikali ya Karachi alikuwa yuko Bombay. Familia zilikuwa na duka huku na nyumba kule, na kijana aliyetaka kusomea mambo makubwa au kutafuta utajiri alipanda meli kama vile kijana wa Pemba alivyopanda kwenda Unguja mjini.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Muhammad Ali Jinnah. Alizaliwa Karachi mwaka 1876 katika ukoo wa Makhoja, jamaa ambao Unguja, Mombasa na Lamu wanawajua vyema, kwani ni majirani zao tangu karne ya kumi na tisa. Umaarufu wake wa uwakili aliupata Bombay. Nyumba yake aliijenga Bombay, katika kilima cha Malabar, na mkewe Rattanbai alifariki Bombay mwezi wa Februari 1929 akazikwa huko huko, katika makaburi ya Makhoja ya Mazgaon. Nchi ilipogawanywa Agosti 1947, Jinnah akawa mkuu wa taifa jipya la Pakistan, na makao yake makuu yakawa Karachi. Binti yao wa pekee, Dina, aliyekwisha kuolewa, alibaki Bombay.

Jinnah alifariki Karachi usiku wa tarehe 11 Septemba 1948, akazikwa siku ya pili yake. Dina alifika Karachi kwa maziko ya baba yake.

Sentensi hiyo ya mwisho ni fupi, na katika vitabu vya historia hupitwa haraka, kwa kuwa historia hutazama mambo makubwa zaidi. Lakini kwa mwenye kutafuta masafa ya kweli baina ya miji hii miwili, hapo ndipo pa kusimama. Wakati huo majeshi ya nchi hizo mbili yalikuwa yakipigana Kashmir. Damu ya mgawanyo ilikuwa haijakauka, na wakimbizi kwa mamilioni walikuwa bado wamelala mahemani. Ndege za zama hizo ziliruka polepole kuliko za leo. Hata hivyo, mtoto alipata habari usiku, na baba yake alipotiwa kaburini alikuwa katika mji uleule. Kweli, hakuwa mtoto wa mtu wa kawaida, na milango humfungukia mwana wa mkubwa; lakini njia aliyoifuata wengine pia waliifuata. Leo mume amelala Karachi chini ya kuba jeupe la marumaru na mke amelala Mumbai, na asiyekuwa na pasi ya nchi ya tatu hana matumaini ya kuyazuru makaburi yote mawili.

Na wako waliopita kwa bahari. Mwandishi wa hadithi za Kiurdu, Saadat Hasan Manto, aliondoka Bombay Januari 1948 kwa meli, akateremka Karachi, kisha akaenda kuishi Lahore. Bombay ulikuwa mji wa filamu zake, wa vilabu vyake na wa wahusika wake, na alizidi kuuandika akiwa mbali nao mpaka alipofariki Januari 1955. Hakurudi tena. Mtu aweza kusema kwamba ni yeye aliyeamua kuondoka. Ndiyo, lakini katika mwaka ule wapandao meli wachache walijua kwamba wanahama. Wengi walidhani wanasafiri.

Namna njia ilivyofungwa ni hadithi ya kuchosha, kwa hiyo na ielezwe upesi. Vita vya 1965 viliikata reli iliyopita jangwani baina ya Sindh na Rajasthan. Mwaka 1971, baada ya ndege ya Kihindi kutekwa nyara ikapelekwa Lahore na kuchomwa moto, India iliifungia Pakistan anga yake. Ndege zilizotoka Karachi kwenda Dhaka, ambayo ilikuwa bado mji wa Pakistan, zikawa zinazunguka kwa njia ya Sri Lanka. Mwaka 1976 anga ikafunguliwa. Tarehe 1 Januari 2002 ikafungwa tena kwa sababu ya shambulio la bunge la Delhi la mwezi uliotangulia, ikakaa hivyo miaka miwili kamili. Mwaka 2006 ile reli ya jangwani ikafufuliwa, watu wakalia kwa furaha vituoni, na Agosti 2019 ikasimamishwa. Safari za ndege za Karachi na Mumbai zenyewe zilikoma mwaka 2017. Shirika la Pakistan lililokuwa likiziendesha lilizisitisha, na siku hiyo hapakuwa na vita wala bunduki iliyolia. Kisha yakaja mauaji ya watalii huko Pahalgam, Kashmir, Aprili 2025. Kabla mwezi haujaisha kila nchi ikayafungia anga mashirika ya ndege ya mwenziwe, amri ikawa ikiongezwa mwezi hata mwezi, na mwaka 2025 ukaisha kufuli likiwa bado limetiwa.

Hayo ni mambo ya serikali. Ya watu ni mengine.

Baina ya Karachi na Mumbai, katikati ya ule uzi wa mtu wa hesabu, iko nchi ya Kutch. Msomaji wa mwambao analijua jina hilo hata kama hajaiona ramani ya India. Kutoka bandari za Mandvi na Mundra vilikuja vyombo na kaskazi, vikaleta nguo na nafaka na mafundi, na Kikutchi kikasikika katika vichochoro vya Mji Mkongwe na vya Mombasa, ambako hakijanyamaza hadi leo. Watu wa Kutch hawakuja Afrika tu. Walikwenda Karachi, walikwenda Bombay, na ndugu wa tumbo moja waligawana bandari kama wagawanavyo mirathi: mmoja hapa, mmoja kule, mmoja ng'ambo. Mpaka wa 1947 ulipochorwa, ulipita katikati ya vibaraza vyao.

Basi na achukuliwe mama mmoja wa Kikutchi, mkaazi wa Karachi. Si mama fulani. Wa namna yake ni wengi. Dada yake aliolewa Bombay zamani. Alfajiri moja simu inalia, naye ni mpwa wake.

"Khaloo, mama ametutoka."

Mama yule anasema yasemwayo, kisha anauliza wakati.

"Tunamtoa baada ya Alasiri."

Lau ndege ingekuwapo, ikaondoka Karachi saa nne asubuhi, ingetua Mumbai saa sita mchana kwa saa za huko, ambazo ziko mbele kwa nusu saa. Angepata kuoga, kushika mkono wa mpwa wake, kumfunua dada yake uso na kumtazama. Muda ungetosha na kubaki.

Sasa na ihesabiwe safari ya kweli, na ihesabiwe kwa miaka ile ya kabla ya 2025, wakati mlango ulipokuwa nusu wazi. Kwanza viza. Ubalozi mdogo wa India uliokuwa Karachi ulifungwa mwaka 1994. Kwa hiyo maombi hupelekwa Islamabad, na Islamabad iko zaidi ya kilomita 1,100 kaskazini. Pasi ya mama huyu yasafiri masafa marefu kuliko yale ya ramani baina ya miji hii miwili, tena kwa upande usio wake. Viza ikitoka, baada ya wiki nyingi, itataja miji anayoruhusiwa kukanyaga, na akifika atatakiwa kwenda kuripoti polisi. Kisha ndege. Atakwenda Dubai, kilomita 1,190 magharibi, angoje, halafu apande nyingine itakayomrudisha mashariki kilomita 1,930. Jumla ni kilomita 3,120, mara tatu na nusu ya masafa ya ramani, na saa za angani ni tano hivi, mbali na za kungoja. Akipitia Muscat atapunguza kidogo, apate 2,500, na huenda akiwa amekaa pale ukumbini akasikia nyuma yake watu wakizungumza Kiswahili cha Unguja, nao ni Waomani ambao wazee wao waliishi huko. Kwa njia zote mbili, aendaye mashariki huanza kwa kuipa mashariki mgongo.

Yote hayo, na maiti haingoji. Ndiyo maana mama yule hafungi mkoba. Anasema, "Mtoeni, mwanangu. Msimngoje mtu."

Kitu kimoja kidogo kinastahili kutajwa hapa. Jua hutumia dakika zipatazo 23 kutoka kuwa juu ya Mumbai hadi kuwa juu ya Karachi. Saa za ukutani ndizo zilizofanya iwe nusu saa kamili. Kwa hiyo Alasiri ya Mumbai hutangulia. Mama yule akisikia adhana ya Karachi akasimama kusali, kule jeneza limekwisha kutolewa na wanaume wako njiani nalo. Baada ya hapo majirani watakuja kumpa mkono, khitma itasomwa katika nyumba ambayo hakutoka maiti, na jioni mpwa wake atamtumia picha ya kaburi kwa simu. Watu husema teknolojia imeyafupisha masafa. Pengine. Picha ile imefika kwa nukta moja, na yeye hajafika mpaka leo.

Tangu Aprili 2025 hata hesabu ile ya Dubai imefutika, kwani viza zenyewe zilisitishwa.

Kufuli la angani lina ajabu yake. Halimfungi kila mtu. Linawafunga wenyewe kwa wenyewe. Ndege ya nchi ya Ghuba au ya Ulaya huruka juu ya Pakistan ikaingia India bila ya kuulizwa, na abiria wake wakiwa wamelala. Sehemu ya anga inayoongozwa na Karachi imepakana juu ya bahari na ile inayoongozwa na Mumbai, na ndege ngeni ikifika mpakani ni lazima ikabidhiwe kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Rubani huagana na sauti ya Karachi, hugeuza kitufe, na husalimiana na sauti ya Mumbai. Kiswahili kina bahati hapa, kwa kuwa mawimbi ya redio nayo yameitwa masafa, kwa neno lilelile. Masafa hayo hayajafungwa. Mfanyakazi wa Karachi na mwenziwe wa Mumbai, ambao hawawezi kutembeleana, wamo katika kazi moja usiku na mchana, wakipokezana roho za watu wa mataifa mengine.

Wako pia watu ambao hufika Karachi kutoka upande wa India bila ya viza, bila ya tiketi, na bila ya kutaka. Hao ni wavuvi wa Gujarat. Baharini hapana ukuta, mpaka wa majini karibu na mkono wa bahari uitwao Sir Creek haujapata kukubaliwa, na samaki hawana pasi. Mashua ikivuta nyavu ikapitiliza, askari wa majini wa Pakistan huikamata na watu wake hutiwa jela ya Malir, Karachi. Wavuvi wa Sindh nao hukamatwa upande wa pili vivyo hivyo. Kwa mapatano ya mwaka 2008, kila tarehe 1 Januari na tarehe 1 Julai serikali mbili hubadilishana orodha za wafungwa, na katika orodha hizo wavuvi ndio huwa wengi. Wengine hukaa miaka kwa kosa ambalo hukumu yake ni miezi.

Kutoka Okha, bandari ya Gujarat, hadi Karachi ni kilomita zipatazo 340 tu, ambazo jahazi la upepo mzuri lingezimaliza katika siku mbili. Lakini mvuvi akiachiwa huru harudishwi kwa njia aliyojia. Hupelekwa nchi kavu mpaka Lahore, zaidi ya kilomita 1,000 kaskazini, akavushwa kwa miguu katika lango la Wagah, kisha akateremshwa kwa treni umbali mwingine kama huo mpaka kwao pwani. Na akifia jela, mwili wake nao huchukua njia hiyohiyo, baada ya barua kwenda na kurudi baina ya wizara, wiki hata miezi, ndani ya sanduku, ukipanda kaskazini kuliacha joto la bahari na kushuka tena kulifuata, hadi katika kijiji ambacho kaburi limekwisha kuchimbwa na ambacho, siku ya anga safi, mashua zake huziona taa za meli ziendazo Karachi.